Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Uvuvi wa Bahari: Papa Anafia Kwenye Jarife, Si Mnadani

KWA: Waheshimiwa wakuu mnaosimamia uvuvi wa bahari, Tanzania Bara na Zanzibar

NAKALA: Maofisa uvuvi wa wilaya za pwani, viongozi wa BMU (vikundi vya usimamizi wa fukwe) na kamati za wavuvi za shehia, wenye mashua na matajiri wa nyavu, wanunuzi wa mapezi

YAH: USIMAMIZI WA UVUVI WA PAPA NA TAA KATIKA MAJI YETU

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Haya tunayoyaandika si mageni mezani kwenu. Yameshapelekwa kwa barua, yameshasemwa vikaoni, na jibu lililorudi ni lile lile: suala linafanyiwa kazi. Tumeona safari hii tuyaweke hadharani, kwa heshima ile ile, ili wavuvi, wachuuzi na walaji wayasome pamoja nanyi na wao wapime.

Tuondoe hofu kwanza. Hatuombi papa apigwe marufuku. Pwani hii imemla papa vizazi na vizazi. Ng'onda wake, yaani nyama yake iliyokaushwa, huliwa kwa mchuzi wa nazi hata kwenye nyumba ambazo hazijapata kumwona papa mzima, na majahazi ya Arabuni yaliyokuja na kaskazi yalimleta papa mkavu kama bidhaa ya kawaida. Ini lake hutoa sifa, mafuta ya kupaka mbao za chombo. Anayetaka kufuta yote hayo kwa tangazo moja hajui pwani.

Dai letu ni moja, na mengine yote yanatoka humo: usimamizi wa papa uanzie pale wavu unapotegwa. Sasa hivi unaanzia mnadani, na mnadani papa amekwishakufa.

Kwa nini papa si wa kusimamiwa kama changu

Papa ni samaki wa gegedu, hana mfupa mwilini, na uzazi wake uko karibu na wa mbuzi kuliko wa kibua. Changu jike mkubwa humwaga mayai kwa malaki. Ukivua wengi na ukaacha wachache wakubwa, bahari inaweza kujaza pengo. Papa nyundo, ambaye kuna madiko (mahali vyombo vinaposhusha samaki) anaitwa pingusi na mengine mbingusi, hubeba mimba miezi 9 hadi 12, kisha huzaa watoto dazeni moja, mbili, pengine tatu. Papa mdogo wa matumbawe, yule mwenye ncha nyeusi za mapezi, huzaa 2 hadi 5. Kuna papa wa bahari kuu mwenye macho makubwa na mkia mrefu kama kiwiliwili chake: huyo huzaa 2 tu kwa mimba moja, na jike hufikisha miaka 12 hivi kabla hajazaa mara ya kwanza. Hii ni hesabu ya mwenye genge: faida ni ndogo na inachelewa, ukianza kula mtaji unafunga.

Na mtaji umeliwa. Utafiti mkubwa wa dunia uliotolewa 2021 ulionyesha kuwa wingi wa papa na taa (samaki bapa, jamaa wa papa) wa bahari kuu umeshuka kwa 71% tangu 1970. Mwaka huo huo tathmini ya aina zote za papa, taa na jamaa zao ikakuta zaidi ya theluthi moja ziko hatarini kutoweka, na chanzo kikuu ni uvuvi uliopita kiasi. Si uchafu wa bahari, si joto, ingawa nayo yamo. Ni ndoana na nyavu.

Sasa tuje kwenye malalamiko yenyewe.

1. Jarife linategwa bila kikomo cha saa, urefu wala kina

Jarife mnalijua, lakini tulieleze kwa ajili ya wasomaji wengine. Ni wavu wa kutega chini, wa nyuzi nene, macho yake inchi 6 hadi 12 na wakati mwingine zaidi. Chini hufungwa mawe au risasi, juu maboya machache tu, ili usimame kama ukuta mfupi juu ya sakafu ya bahari. Hutegwa magharibi na kuvutwa alfajiri. Hizo ni saa 10 hadi 12 majini bila mtu. Bahari ikichafuka, wavu unalala siku mbili.

Angalieni kinachomtokea papa nyundo humo. Aina hii haina uwezo wa kusukuma maji kwenye matamvua ikiwa imetulia. Inapumua kwa kuogelea, maji yaingie mdomoni na yatoke pembeni. Kichwa kile kipana kinaingia jichoni kwanza, anageuka kujinasua, na kugeuka huko ndiko kunakomfunga: uzi unapita nyuma ya kichwa na chini ya mapezi ya kifua. Anajipiga kwa nguvu zake zote, damu inajaa asidi, halafu anatulia, na kutulia kwake ndiyo kukosa hewa. Aliyenasa saa 2 usiku hafiki alfajiri. Wavu unapovutwa anakuja na macho meupe, mwili umekakamaa, pengine kaa wameshaanza kumla tumboni.

Taa, na papa wanaolala sakafuni mchana, ni kisa kingine. Hao husukuma maji wenyewe na wengi hufika juu wakiwa hai. Kwa hao, agizo la "ukimpata mwachie" lina maana. Kwa papa nyundo agizo hilo ni la kumrudisha maiti baharini, na mvuvi aliyetumia mafuta ya mashine usiku kucha hawezi kutupa nyama iliyokufa tayari. Atamkata vipande humo humo chomboni, na takwimu zenu hazitamwona. Tunalisema hili kwa uchungu kwa sababu kila mara mjadala wa papa unapoanza, pendekezo la kwanza kutoka ofisini ni orodha ya aina zisizoruhusiwa kushushwa. Orodha bila kugusa wavu huua papa wale wale na kuficha mizoga.

Liko jambo jingine ambalo kanuni zetu zinalipindua. Usimamizi wa nyavu nchini umejengwa juu ya wazo kwamba macho madogo ni mabaya na macho makubwa ni mazuri. Kwa samaki wa mayai ni sawa, kwa sababu macho makubwa humpisha mtoto. Kwa papa ni kinyume. Jicho la inchi 10 humpisha papa wa miaka miwili na kumnasa mama yake. Katika samaki anayezaa wachache na kwa kuchelewa, jike aliyekomaa ndiye wa kulindwa kuliko wote. Na jarife ndilo zana inayomchagua yeye.

Wavu huo huo hauchagui papa peke yake. Nguva na kasa ni viumbe vya mapafu. Wakinasa chini hawapandi kupumua. Na silikanti, samaki ambaye ulimwengu ulidhani ametoweka tangu enzi za kale hadi alipopatikana Afrika Kusini 1938, alipoanza kuonekana kwetu 2003, Songo Mnara kisha Tanga, alitoka ndani ya majarife ya papa. Papa walipopungua kwenye maji mafupi wavuvi walisogeza nyavu kwenye miporomoko ya kina cha mita 50 hadi 150, na huko ndiko anakoishi silikanti. Zaidi ya 20 walinaswa eneo la Tanga katika miaka michache tu, na 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti. Hifadhi ilikuja kwa sababu ya jarife. Nje ya mpaka wake jarife limebaki kama lilivyokuwa.

Bamvua ikiwa kali, mkondo huukokota wavu hadi kwenye matumbawe ukakwama. Mwenye wavu akikata kamba na kwenda zake, wavu unaendelea kuvua kwa miaka, bila mwenyewe. Hauna namba, hauna jina, hakuna wa kuulizwa.

2. Daftari la diko linaandika "papa", basi

Papa nyundo, papa wa mtoni, papa wa matumbawe, hata taa wenye umbo la gitaa: wote huingia kwenye safu moja, kilo kadhaa, bei kadhaa. Kwenye mchuzi hilo halina shida. Kwenye usimamizi ni sawa na zahanati kuandika "mgonjwa" na kuacha ugonjwa. Aina mbili zinaweza kutoa kilo zile zile mwaka hadi mwaka huku moja ikiisha na nyingine ikichukua nafasi yake. Daftari litaonyesha mambo shwari.

Tunaambiwa ni vigumu kutofautisha. Si kweli. Papa nyundo wakubwa wa maji yetu ni watatu. Tazama ukingo wa mbele wa kichwa: mmoja ana mkato katikati kabisa na mawimbi pembeni, wa pili ukingo wake umepinda kama upinde bila mkato wa katikati, wa tatu ukingo karibu umenyooka, na pezi lake la kwanza la mgongo ni refu mno, limepinda kama mundu. Msomaji wa darasa la saba ataziweza kwa asubuhi moja akiwa na picha tatu zilizofunikwa plastiki.

Shida ya kweli ni kwamba papa wengi hufika dikoni bila kichwa, bila utumbo, na mapezi yameshatengwa. Hapo pima kutoka nyuma ya pezi la kwanza la mgongo hadi mwanzo wa pezi la pili. Kipimo hicho hubaki hata kiwiliwili kikiwa kimekatwa pande zote mbili, na kutoka hapo urefu wa papa mzima hukadiriwa. Aina ikibishaniwa, kata kipande cha nyama kisichozidi ukucha, tia kwenye kichupa cha ethanoli, andika namba, maabara itajibu.

Jinsia ni rahisi zaidi. Dume ana vishikizi viwili chini ya tumbo, karibu na mapezi ya nyuma. Vikiwa laini na vifupi bado ni kijana. Vikiwa virefu na vigumu kama kidole kilichonyooshwa amekomaa. Jike akipasuliwa, hesabu watoto walio tumboni kabla hawajatupwa ufukweni. Hesabu hiyo hupotea kila siku, na hakuna mtu atakayeweza kuipata tena kwa njia nyingine.

3. Watoto wa siku chache wanauzwa mafungu

Papa wengi wa pwani hawazai kwenye maji marefu. Mama huja kwenye ghuba za matope, midomo ya mito na kando ya mikoko, akazaa, akaondoka. Watoto hukaa humo miezi au miaka kwa sababu papa wakubwa ambao wangewala hawapendi maji hayo. Ndiyo maana nyavu za kawaida za kutega samaki wadogo, si jarife tena, huja na papa nyundo wa urefu wa kigasha cha mkono. Huuzwa kwa fungu, kama dagaa.

Ipo alama ambayo haihitaji chombo chochote. Mgeuze papa mdogo chali na utazame katikati ya mapezi ya kifua. Papa wa aina hizi huzaliwa akiwa na kitovu. Tundu likiwa wazi na jekundu, amezaliwa siku chache tu; likiwa limeanza kuziba, ni wiki kadhaa; likibaki mstari mweupe, ni wa miezi kadhaa. Diko ambalo miezi fulani hupokea papa wenye vitovu vilivyo wazi limekuonyesha mazalia yalipo na msimu wake, bila boti ya utafiti na bila mtaalamu kutoka nje. Taarifa hiyo inahitaji safu moja tu kwenye daftari. Tumeiomba safu hiyo. Haijaongezwa.

Tukitaka kujua mwisho wa kupuuza mazalia, tumtazame papa upanga. Huyu ni jamaa wa taa, mwenye ubao mrefu wa meno kama msumeno, na makazi yake yalikuwa maji haya haya ya matope na mikoko. Ubao ule hunasa kwenye wavu wa macho ya aina yoyote, mdogo au mkubwa. Wazee wa pwani wanamjua kwa jina na kwa ladha. Vijana wengi wanaovua maji yale yale hawajamwona hata mara moja na hawajui kama kuna kilichopungua. Biashara yake ya kimataifa ilizuiwa chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, mwaka 2007, wakati ambapo huku kwetu hapakuwa na mengi ya kuzuia.

4. Mapezi yanatoka, vibali vinatoka wapi?

Mapezi ya mgongo, ya kifua, na tawi la chini la mkia hukatwa, huanikwa na kusafirishwa kwenda masoko ya Asia ya Mashariki, Hong Kong ikiwa ndiyo lango la zamani. Mlaji wa huko anatafuta nyuzi nyuzi za ndani, hizo zinazoelea kwenye supu. Nyama inabaki nyumbani kwa bei ya nyama; faida kubwa haibaki kwa aliyevuta wavu.

Tanzania ni mwanachama wa CITES, na orodha ya mkataba huo imekuwa ikirefuka: papa potwe, yule mkubwa kuliko samaki wote, 2002, papa nyundo wakubwa na papa wa bahari kuu mwenye ncha nyeupe 2013, papa wenye mikia mirefu 2016, taa wenye umbo la gitaa 2019. Kisha mkutano wa Panama wa 2022 ukaingiza ukoo mzima wa papa wa kawaida wa pwani, na uamuzi huo ukaanza kutumika Novemba 2023. Tafsiri yake kwa lugha ya sokoni ni kwamba gunia la mapezi lisilo na hata pezi moja linalohitaji kibali sasa ni gunia la nadra sana.

Kibali hicho hakitolewi kwa muhuri tu. Lazima mamlaka ya kisayansi ya nchi iwe imetamka kwamba kiasi kinachosafirishwa hakitahatarisha uhai wa aina hiyo porini. Tunauliza kwa adabu: tamko hilo linaandikwa kutoka kwenye data gani, ikiwa daftari la diko linasema "papa"? Kama tathmini zipo, zichapishwe, aina kwa aina. Kama hazipo, basi hakuna msingi wa kibali, na mwenye mzigo anapaswa kuambiwa hivyo kabla hajanunua, si bandarini. Maofisa forodha nao wapewe nyenzo. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ina programu iitwayo iSharkFin inayotambua aina kwa picha ya pezi la mgongo. Si kamilifu, lakini ni bora kuliko kukisia mbele ya gunia.

5. Potwe ndani ya ringi neti

Hili ni fupi. Potwe hufika Kilindoni, Mafia, kwa wingi kati ya Oktoba na Machi kufuata uduvi na dagaa, na wenye ringi neti, nyavu za kuzungushia, huwafuata dagaa hao hao. Akizungushiwa, njia salama ni kuzamisha kamba ya maboya upande mmoja hadi mita mbili tatu, kunyamazisha mashine na kumwacha atoke mwenyewe. Hutoka ndani ya dakika chache. Kumfunga kamba mkiani na kumvuta nje, kama inavyofanyika, humtegua uti wa mgongo na kumchana ngozi. Nahodha wa ringi neti apewe somo hili siku anapokata leseni. Dakika kumi zinatosha. Potwe mmoja hutambulika kwa madoa yake mwaka hadi mwaka, na watalii hulipa kumwona; wenyeji wa Mafia hawahitaji kuelezwa thamani ya samaki anayerudi.

6. Meli za bahari kuu

Mamlaka ya uvuvi wa bahari kuu ni chombo cha pamoja cha pande zote mbili za Muungano, kwa hiyo hapa hakuna wa kumrushia mwenzake mpira. Meli za mishipi mirefu huweka maelfu ya ndoana kwa ajili ya jodari na papa huja nazo. Ndoana ikining'inizwa kwa waya, papa hawezi kuukata. Ikining'inizwa kwa nailoni, wengi huikata kwa meno na kwenda. Sharti la nailoni linaweza kuandikwa kwenye leseni kwa mstari mmoja.

Sharti la pili: papa yeyote ashushwe na mapezi yake yakiwa mwilini. Mwaka 2017 Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi iliamua hivyo kwa papa wabichi, lakini kwa waliogandishwa ikaacha hesabu ya mizani, kwamba mapezi yasizidi 5% ya uzito. Mizani ya namna hiyo ina tundu. Uzito wa pezi hutofautiana kwa aina na kwa namna ya kukata, hivyo mjanja huchanganya mapezi ya papa aliyetupwa na viwiliwili vya papa mwingine na hesabu ikakaa sawa. Pezi likibaki mwilini, hata likikunjwa na kufungwa kamba ili mzigo upangike, hakuna hesabu ya kufanya. Nchi yenye maji inaruhusiwa kuweka sharti kali kuliko la Kamisheni.

Majibu tunayoyajua

"Wanaomaliza papa ni wageni wenye meli." Wanachangia, na hoja ya 6 imewagusa. Lakini watoto wenye vitovu vilivyo wazi hawavuliwi na meli. Wanavuliwa mbele ya mikoko, kwa ngalawa na mashua. Tena maazimio ya Kamisheni ya kutobakiza papa wa mikia mirefu yaliandikwa kwa ajili ya meli zilizosajiliwa huko. Chombo kidogo hakikuwamo. Asipokitungia kanuni mwenye nchi, hakuna mwingine atakayekitungia.

"Mvuvi atakufa njaa." Hii ndiyo hoja tunayoiheshimu kuliko zote, na ndiyo sababu hatukuomba marufuku. Kumpokonya mtu jarife bila kumpa zana nyingine ni kumsukuma kwenye juya, wavu wa kukokota. Na ukimpa wavu mmoja badala ya nyavu tatu alizokuwa nazo, atarudi dukani kwa mkopo wa tajiri yule yule. Kubadilishana kufanyike kwa thamani kamili, kwa zana anazozijua mwenyewe, na nyavu zilizokusanywa zichomwe mbele ya watu ili zisionekane diko la pili.

"Papa ni hatari, akipungua ni heri." Kumbukumbu za kimataifa zinazotunzwa Florida huonyesha kuwa duniani kote watu wanaouawa na papa bila kumchokoza ni wachache kuliko kumi kwa mwaka wa kawaida. Papa wanaouawa na watu hukadiriwa kufika milioni 100.

"Ni chakula cha maskini." Ni kweli, na kwa sababu hiyo hiyo kinastahili kupimwa. Papa mkubwa aliye juu ya mlolongo wa chakula hukusanya zebaki mwilini kwa miaka, na kukausha hakuiondoi. Kiwango cha juu cha zebaki (methilizebaki) kilichowekwa 2018 na Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, kwa papa ni miligramu 1.6 kwa kilo. Mama mjamzito anayenunua kipande cha ng'onda hana njia ya kujua kilitoka kwa papa wa kilo 4 au wa kilo 150.

"Hakuna fedha." Rula, kamera ya simu, picha zilizofunikwa plastiki, vichupa na safu nne za ziada kwenye daftari. Hiyo ndiyo bajeti ya hoja ya 2 na ya 3.

Tunachoomba

Kwanza kabisa, jarife: liwe na leseni yake peke yake, isiyotolewa kwa chombo kipya kuanzia mwaka huu wa fedha, lisikae majini zaidi ya saa 4 na wenye wavu wawe karibu, urefu wake uwe na kikomo kinachokubaliwa na BMU na kamati za shehia, lisitegwe kwenye miporomoko ya kina cha zaidi ya mita 50, na kila pande la wavu libebe namba ya chombo. Wavuvi watasema saa 4 zinaongeza gharama ya mafuta. Ni kweli zinaongeza. Ndiyo maana fidia ya kubadilisha zana lazima ianze siku hiyo hiyo, si mwaka unaofuata.

Kwa drifti neti za jodari, yaani nyavu zinazoelea na mkondo, jaribuni taa ndogo za mwanga wa kijani juu ya nyavu. Majaribio ya Meksiko yaliyotolewa 2022 yalipunguza papa na taa waliokamatwa bila kukusudiwa kwa 95%, na samaki waliokusudiwa hawakupungua. Maji yetu si ya Meksiko, kwa hiyo tunasema jaribuni: vyombo kumi vyenye taa na kumi visivyo na taa, msimu mmoja wa kaskazi, matokeo yabandikwe madikoni.

Daftari la diko liongezwe aina, jinsia, urefu na hali ya kitovu, na muundo wake uwe mmoja Bara na Zanzibar, kwa sababu chombo kilichotega Mafia kinaweza kuuza Unguja kesho yake na papa huyo akaandikwa mara mbili au asiandikwe kabisa. Baada ya misimu miwili ya vitovu, ghuba zitakazoonekana kuwa mazalia zifungwe kwa nyavu za kutega katika miezi ya kuzaa tu. Mishipi ya mkono iendelee.

Tathmini za CITES zichapishwe ndani ya siku 90, au usafirishaji wa mapezi usimame mpaka zitakapokuwa tayari. Masharti ya nailoni na mapezi mwilini yaingie kwenye leseni za bahari kuu zitakazofuata.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 60, hoja kwa hoja kwa namba zake, kwa Kiswahili, na nakala ibandikwe kwenye mbao za matangazo za madiko. Itakapokosekana, tutaibandika barua hii mahali hapo na kuacha nafasi tupu chini yake.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Wakusanya takwimu, wavuvi na wachuuzi wa papa wa madiko ya pwani na visiwani